Mwanangu Amekataa Masomo, Anataka Kumimina Maji

Bibi Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Makorora hapa Tanga, na riziki yangu ni cherehani niliyoiweka barazani, ambapo ninashona nguo za watoto na kupinda kanga za majirani. Mume wangu ni mvuvi wa usiku, na siku nyingi hurejea alfajiri akalala hadi adhuhuri. Ninakuandikia kuhusu mwanangu wa kwanza, wa kiume, aliyetimiza miaka minne mwezi wa Ramadhani uliopita. Mdogo wake wa kike ana mwaka mmoja na nusu.

Mwanzoni mwa mwaka nilimpeleka katika kituo kimoja cha chekechea ambacho sitakitaja. Watoto walibanana, na kazi yao kubwa ilikuwa kunakili namba kutoka moja hadi hamsini, ukurasa baada ya ukurasa. Mwanangu akawa anarudi amenuna, na ikifika asubuhi anajificha uvunguni mwa kitanda. Baada ya muhula mmoja nikamtoa. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuona kwenye simu akina mama wanaowafundisha watoto wao nyumbani kwa njia inayoitwa Montessori: nyumba zao zina rafu nyeupe na vikapu vidogo vidogo, vifaa ni vya mbao inayong'aa, na watoto wametulia kama maji ya mtungini. Nikashawishika. Zamu yangu ya upatu ilipofika, niliagiza kutoka Dar es Salaam mnara wa vipande vya mbao vya rangi ya waridi, kisha nikaandika ratiba na kuibandika ukutani: saa mbili hesabu, saa tatu herufi, saa nne mnara, saa tano kuchora.

Bibi Mwalimu, ratiba hiyo haijawahi kufuatwa hata siku moja. Akikaa mkekani dakika kumi, ni nyingi. Vile vipande vya waridi anavipanga chini kwa mafungu, vikubwa upande huu na vidogo upande ule, kisha anavinadi kama samaki wa mnadani Deep Sea. Nikigeuka kidogo, yuko uani anamimina maji kutoka kopo hili kwenda kopo lile hadi sakafu nzima imelowa, au amechutama kando ya bibi yake anataka kuchambua mchele. Ninampigia kelele, na mara mbili nimemchapa kofi, jambo ninalolijutia.

Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, ana malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba hajapata kuona mtoto anayesoma kwa kucheza. La pili ni kwamba ninamzoesha mtoto wa kiume kukaa jikoni. Na mtoto wa jirani, wa umri huo huo, anahesabu hadi mia na kusema A ni ya apple, wakati wangu hajui hata herufi moja. Naomba unieleze: ni vifaa gani vingine ninavyopaswa kununua? Nifanyeje ili afuate ratiba? Nimjibu nini mama mkwe wangu? Na je, akifika darasa la kwanza hatakuwa nyuma ya wenzake?

Mama wa Makorora

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nikitabasamu, kwa sababu sehemu kubwa ya majibu umeyaandika wewe mwenyewe pasipo kujua. Swali la vifaa nitalijibu kwa neno moja kisha nitalifafanua: usinunue. Hata huo mnara, kama ungeniuliza kabla ya kupokea upatu, ningekushauri ununue vitambaa vya biashara yako.

Si kwamba mnara ni kitu kibaya. Una vipande kumi, kidogo kabisa kikiwa na sentimita 1 kila upande na kikubwa kabisa sentimita 10, na kila kipande kinamzidi mwenzake kwa sentimita 1. Vyote vina rangi moja na umbo moja, ili macho na mikono ya mtoto ikutane na tofauti moja tu, nayo ni ukubwa. Mtoto akikosea mpangilio, mnara wenyewe unamwonyesha: umekaa vibaya, au kipande kimebaki mkononi hakina mahali pake. Hahitaji mtu mzima wa kumwambia amekosea. Hiyo ndiyo roho ya njia yote unayoiona kwenye simu, kwamba kosa lijidhihirishe kwenye kitu anachokishika, lisisomwe usoni mwa mama.

Sasa ingia jikoni kwako. Bila shaka unazo sufuria zinazoingiana, kubwa ikiimeza ndogo yake, na kila moja ina mfuniko wake. Mpe mwanao sufuria tano na mifuniko mitano iliyochanganywa, na umwache atafute kila mfuniko mwenye wake. Mfuniko mkubwa utapwaya, mdogo utatumbukia, unaostahili utakaa. Hiyo ni kazi ile ile ya mnara, na haigharimu senti. Ama huo mnara wa waridi, nakusihi usimnyang'anye mnada wake. Umesema anatenga vikubwa upande huu na vidogo upande ule. Hapo amekwisha kufanya lile lile ulilolilipia, isipokuwa amelifanya kwa lugha ya baba yake.

Ninaona pia kwamba umedhani njia hii ni ya watu wenye rafu nyeupe. Maria Montessori alikuwa daktari, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1870 na kuhitimu udaktari Roma mwaka 1896, na chumba chake cha kwanza cha watoto alikifungua tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo mjini humo, mtaa wa vibarua na mafukara. Wenye majumba walikuwa na shida moja: wazazi walipokwenda kazini, watoto waliobaki walikuwa wakichafua ngazi na kuta. Walitafuta mtu wa kuwakusanya. Katika chumba hicho waliletwa wanasesere na vitu vya kuchezea, na yeye mwenyewe alishangaa kuona watoto wanaviacha na kukimbilia kazi za kweli: kufagia, kuosha, kupanga vitu mahali pake. Kwa hiyo mwanao anapokimbia ratiba yako na kwenda kwenye mchele wa bibi yake, hajakataa Montessori. Ameanza kabla yako.

Tuje kwenye maji, maana hapo ndipo kofi lilipotoka, na kwa kuwa umejuta mwenyewe sitakuongezea maneno. Mtoto wa miaka minne anapomimina anajifunza mambo mengi kwa pamoja: kuinamisha mkono kidogo kidogo, kusimamisha kitendo kwa wakati wake, kukisia kiasi kinachoingia katika chombo, na kutuliza mwili mzima ili mkono mmoja ufanye kazi. Mkono huo ndio utakaoshika penseli mwakani. Kinachokosekana uani kwako ni mpaka wa kazi, na mpaka huo unautengeneza hivi. Chukua sinia lenye ukingo, uweke juu yake vikombe viwili vidogo vyenye mkono, kimoja kikiwa na choroko hadi nusu. Sinia ndilo shamba lake. Kitakachomwagika kitabaki humo, ataokota. Akiimudu choroko kwa siku kadhaa, weka mchele, na baadaye ndipo uweke maji, tena kidogo tu, na ufunge uzi mwekundu kwenye kikombe cha pili kumwonyesha mahali pa kukomea. Kando ya sinia pawe na kitambaa cha kufutia, ambacho ni chake peke yake.

Kisha kaa upande wake, umwambie tu, "Tazama," halafu umimine wewe mwenyewe polepole kuliko unavyodhani inahitajika, bila kusema neno. Hili ni gumu kwetu sisi akina mama, tuliozoea kufanya na kusema kwa pamoja. Lakini mtoto wa umri huo akisikiliza maneno hawezi kuitazama mikono. Ukimaliza, sogeza sinia mbele yake, unyamaze, uondoke. Akimwaga, usikimbie na tambara. Mwonyeshe mara moja jinsi ya kufuta na kukamua, na siku nyingine atafuta mwenyewe. Wapo watoto niliowafundisha ambao nadhani walimwaga makusudi kwa utamu wa kufuta. Tumia kikombe cha udongo au bilauri ya kweli badala ya plastiki, kwa maana chombo kinachovunjika humfundisha mtoto kukichukua kwa mikono miwili, na kile kisichovunjika hakimfundishi neno. Kikivunjika kimoja kwa mwezi, bado utakuwa umetumia pungufu sana ya ulichotumia kwa mnara.

Jikoni kazi hazikosekani. Mbuzi ya nazi usimpe, meno yake hayana huruma na vidole vidogo, lakini tui analiweza: mpe chujio na machicha yenye maji ya uvuguvugu akamue. Machungwa ya Muheza yakiingia, wewe anzisha ganda kwa kisu, yeye amalizie kwa vidole, atenganishe vipande, na avihesabu anapovigawa kwa watu wa nyumbani. Kuchambua mchele juu ya ungo ni zoezi zuri la macho na vidole viwili vya mbele ambalo hakuna kiwanda kitakachokuuzia.

Lakini kilichonishangaza zaidi katika barua yako ni kwamba mtu anayeishi kwa cherehani anauliza anunue wapi vifaa. Katika vyumba vya Montessori kuna fremu za mbao zenye vipande viwili vya kitambaa vinavyofungwa katikati: moja kwa vifungo vikubwa, nyingine kwa vifungo vidogo, nyingine kwa zipu, kwa kulabu, kwa kamba za kufunga fundo. Watu huzinunua kwa fedha nyingi, na wewe unaweza kushona moja kila jioni kwa mabaki. Kuna sanduku la vitambaa viwili viwili vinavyofanana, ambavyo mtoto hufumba macho akatafuta pacha kwa kugusa; chukua kanga, kitenge, satini, jinzi, sufu na gunia la mkonge, ukate vipande viwili vya kila aina, na sanduku limekamilika. Kuna vibao vya rangi, ambavyo mtoto hulinganisha kwanza viwili viwili, nyekundu kwa nyekundu, na baadaye hupanga rangi moja kutoka iliyokolea hadi iliyopauka. Wewe una nyuzi za rangi zote hizo juu ya meza yako. Kuna hata vitambaa vya kukunja, vilivyoshonwa mstari mahali pa mkunjo: kimoja katikati, kingine mara mbili, kingine kutoka pembe hadi pembe. Mtoto anakunja, na bila mtu kumtajia neno hesabu, amekutana na nusu, robo na pembetatu.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu una mtoto wa mwaka na nusu. Vifungo, choroko, komwe na kila kinachoweza kumezwa vikae juu, na vitolewe wakati mdogo amelala au amebebwa. Sindano za kazi yako zihesabiwe kabla mtoto hajakaribia meza. Mkubwa akitaka kushona, na atataka, mpe sindano butu yenye tundu kubwa na kipande cha gunia, ambacho matundu yake yako wazi.

Kuhusu herufi, usimwonee wivu mtoto wa jirani. Huyo anayesema A ni ya apple amekariri jina la tunda ambalo pengine hajalionja, ingawa matufaa hulimwa hapo Lushoto, mkoani kwetu. Kiswahili kimetupa bahati ambayo watoto wa Kiingereza hawana: tunaandika karibu kila neno kama tunavyolitamka, na a yetu ni a popote ilipo. Anza na masikio kabla ya macho. Mnapotembea kwenda dukani mwulize, "Mimi naona kitu kinachoanza na sauti mmm," midomo ikiwa imefumbwa, naye atafute mkate, mti, mbuzi. Usimwambie "em". Sauti zikizoeleka, nunua karatasi moja ya msasa laini, ukate herufi, uzigandishe kwenye kadi ngumu, irabu kwa kadi za rangi ya buluu na konsonanti kwa kadi za rangi ya waridi, naye azipapase kwa vidole viwili kwa kufuata njia ambayo mkono huandika, huku akitamka sauti. Irabu tano pamoja na m, b, k na t zinatosha kwa mwanzo; kwazo ataunda mama, baba, kaka, bata na mti kwa herufi za kadibodi ulizozikata, kabla vidole vyake havijawa na nguvu za kuandika kwa penseli. Watoto wa San Lorenzo waliandika kabla ya kusoma, na kwa Kiswahili mpangilio huo ni mwepesi zaidi.

Unapomfundisha jina la kitu chochote, iwe herufi, rangi au aina ya kitambaa, fuata hatua tatu ambazo Montessori alizichukua kwa daktari Mfaransa, Édouard Séguin. Kwanza unataja: "Hii ni laini. Hii inakwaruza." Pili unaomba: "Nipe laini. Ficha inayokwaruza nyuma yako." Tatu ndipo unauliza: "Hii ikoje?" Wazazi wengi, nami nilipokuwa kijana nilikuwa miongoni mwao, huruka moja kwa moja hadi ya tatu na kumfanya mtoto aonekane mjinga kwa jambo ambalo hajafundishwa. Akishindwa kwenye ya tatu, rudi kwenye ya kwanza siku nyingine, bila kumkunjia uso.

Kama anakwenda chuoni alasiri, usihofu kwamba alif na be zitagongana na a na b, wala kwamba kuandika kutoka kulia kutamchanganya. Katika miaka yangu yote darasani sikumwona mtoto aliyepotea kwa sababu hiyo, madhali kila andiko lilikuwa na mahali pake na saa yake.

Hesabu nayo ni vivyo hivyo. Kuhesabu hadi mia kwa mdomo ni wimbo, na wimbo si dhambi, lakini mwulize huyo mtoto wa jirani akupe vijiko saba uone. Shona kitambaa chenye mifuko kumi, na juu ya kila mfuko utarizi namba kutoka 0 hadi 9. Mpe komwe 45 kamili. Atatia moja katika mfuko wa 1, mbili katika wa 2, na kuendelea hadi 9. Mfuko wa 0 utabaki mtupu, na hapo atakuwa ameielewa sifuri kwa kuigusa. Akifika mwisho na komwe zimekwisha sawasawa, anajua amepatia. Ikizidi moja au kupungua, atarudi mwenyewe kutafuta alipokosea, na wewe utaendelea kupinda kanga. Vilevile unaweza kumkatia tepe kumi za kitambaa, ya kwanza sentimita 10 na ya mwisho sentimita 100, zenye vipande vyekundu na vya buluu vya sentimita 10 vinavyopokezana, ili aone kwamba saba ni ndefu kuliko sita na kwa kiasi gani.

Sasa ratiba. Iondoe ukutani leo. Mtoto wa miaka minne hana saa ya hesabu na saa ya herufi. Ana jambo lililomteka, na kazi yako ni kutomkatiza. Montessori alisimulia kisa cha mtoto mmoja wa kike aliyekuwa akichomoa na kurudisha vipande vya mbao katika matundu yake. Alirudia zaidi ya mara 40, wenzake waliimba na kuzunguka pembeni, kiti chake kikanyanyuliwa naye akiwa amekikalia, na hakuacha mpaka aliporidhika mwenyewe. Dakika kumi zako za mkekani zilikuwa fupi kwa sababu zilikuwa zako. Weka kwenye kibao cha chini, au hata sanduku la soda lililogeuzwa, kazi tatu au nne tu, kila moja katika sinia au kikapu chake. Achague moja, aimalize, airudishe ndipo achukue nyingine. Hiyo ya kurudisha ndiyo itakayokuchosha mwanzoni, na usiisamehe. Kila wiki toa kazi aliyoichoka, uingize nyingine.

Na kwa kuwa baba yake hulala asubuhi, hiyo ni neema, mwanangu, si kero. Siku moja pale San Lorenzo, Montessori aliingia darasani amempakata mtoto mchanga wa miezi minne, akawaambia watoto watazame jinsi alivyotulia na jinsi pumzi yake isivyosikika, nao wakajaribu kutulia kama yeye, na kutokana na hapo likazaliwa zoezi la ukimya. Mwambie mwanao, "Baba amelala, tuone nani atatoka hapa hadi uani na bakuli la maji bila kumwaga na bila kusikika." Mwite kwa mnong'ono kutoka chumba cha pili. Utaona.

Kuhusu mavyaa wako, naomba ushauri huu uupokee kwa upole, maana kwa umri mimi ni wa upande wake. Usimjibu kwa hoja za kwenye simu. Mtoto amemchagua yeye na ungo wake kuliko wewe na ratiba yako, na hiyo ni heshima ambayo yafaa umwambie kwa kinywa chako: "Mama, mwanangu anapenda kujifunza kwako, naomba umwonyeshe polepole." Kama anajua kusuka ukili, mwombe amwanzishie mtoto. Yeye mwenyewe alijifunza kwa kukaa kando ya mama yake, na hakuna aliyempa daftari. Na hilo la mtoto wa kiume jikoni, mkumbushe kwa adabu kwamba pilau ya harusi zetu hupikwa mara nyingi na wanaume, na kwamba mwanawe anapokuwa baharini usiku kucha hakuna mwanamke chomboni wa kumtengea chai.

Hapo pia niseme neno ambalo wafuasi wa Montessori wengine watanikunjia uso. Yeye hakupenda watoto wadogo walishwe visa vya kubuni. Alitaka kwanza waujue ulimwengu kama ulivyo. Mimi katika hilo simfuati. Mvua ikinyesha na umeme umekatika, mwache bibi asimulie za sungura na fisi, na atege vitendawili. Mtoto anayenadi vipande vya mbao kama samaki hatachanganyikiwa kusikia fisi anazungumza.

Nakuonya pia usimfungie nyumbani peke yake na wewe. Vyumba vya Montessori huchanganya watoto wa miaka mitatu hadi sita, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Alika watoto wawili au watatu wa majirani, asubuhi mbili kwa wiki, mama zao wakipokezana. Hata huyo anayehesabu hadi mia.

Mwisho ni shule. Kumlea mwanao hivi akiwa na miaka minne ni hiari yako, lakini usipange kuendelea nyumbani moja kwa moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliiweka elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikia umri wa shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Kwa hiyo akitimiza miaka mitano mpeleke darasa la awali la shule ya msingi iliyo karibu nawe, na uulizie uandikishaji mapema. Ukitaka chekechea nyingine kabla ya hapo, usiishie kusoma kibao cha mlangoni, kwa kuwa jina la Montessori halina mwenyewe na yeyote anaweza kulipaka rangi ukutani. Ingia ukae nusu saa. Tazama kama rafu ziko kimo cha mtoto, kama watoto wa umri tofauti wako pamoja, kama wanachagua kazi, na kama sauti ya mwalimu ndiyo kubwa kuliko zote humo ndani.

Akienda darasani akiwa anajua kufunga vifungo vyake, kusubiri zamu, kumaliza alichoanza, kusikia sauti ndani ya maneno na kuhesabu komwe hadi tisa bila kubahatisha, sioni atakuwa nyuma katika jambo gani.

Usianze yote kwa pamoja. Wiki ya kwanza iwe sinia na choroko tu, na kitambaa cha kufutia kiwe tayari pale kabla hujamwonyesha vikombe.

Bibi Mwalimu